Kasiva na Kilo za Wakwe

Kwa miaka kumi na minane Kasiva alikaa nyuma ya mizani ya bucha moja huko Kangemi, na mtu akikaa nyuma ya mizani muda wote huo, macho yake huacha kufanya kazi kama ya watu wengine. Alikuwa akilitazama paja la ng'ombe likining'inia kwenye ndoano, anasema, "Kumi na tatu na robo," na mizani ikisema vinginevyo, mizani ndiyo iliyopelekwa kwa fundi. Tabia hiyo ilimfuata mpaka nje. Kanisani, mchungaji alipopanda mimbarini siku ya Pasaka, Kasiva alijua kwamba mfungo haukuwa mkali kama ulivyotangazwa. Hakumwambia mtu. Kipaji cha namna hiyo hakimletei mwenyewe marafiki.

Bucha ilipofungwa na jengo likawa duka la simu, alizunguka miezi mitatu akitafuta bucha nyingine. Zote zilikuwa na mizani za umeme, zenye namba nyekundu ambazo hata mtu aliyeajiriwa asubuhi angeweza kuzisoma. Mwisho wake alipata kazi katika bustani ndogo ya burudani kando ya barabara ya Waiyaki Way, chini kidogo ya mtaa wa Mountain View, na huko, kwa mshangao wake, akakuta mahali pekee Nairobi palipokuwa bado panahitaji macho yake.

Bustani yenyewe haikuwa ya kumshtua mtu. Ilikuwa na ngome ya kurukia inayojazwa upepo, farasi sita wa plastiki wanaozunguka, mmoja wao bila kichwa, na gurudumu. Gurudumu lilikuwa na viti kumi na viwili, kila kiti watu wawili, na lilifika juu kama ghorofa ya tano. Lilinunuliwa likiwa limeshatumika, kutoka nchi ambayo Haron, mwenye bustani, aliitaja tofauti kila alipoulizwa. Mota ilizungusha matairi mawili ya mpira, matairi yakasukuma ukingo wa chuma, na gurudumu likageuka, mradi pande zake ziwe na uzito unaokaribiana. Upande mmoja ukizidi sana, matairi huteleza, mpira ukaanza kunuka, na upande mzito ukateremka chini na kutulia huko, kama mgeni aliyeambiwa chakula bado kiko jikoni.

Kwa hiyo Kasiva alisimama kwenye kijilango cha jukwaa na kuwapanga watu kwa kidole. "Wewe na wewe, hiki. Nyinyi wawili ngojeni. Mzee, njoo huku." Watu walidhani ni ukali wa mtu asiyependa kazi yake. Hawakujua kwamba wamepimwa, na kwamba kila mmoja wao ana mwenzake wa uzito wake upande wa pili, mtu asiyemfahamu, anayemzuia asianguke kinyumenyume.

Mwaka huo gurudumu lilikuwa limesimama mara mbili likiwa na watu. Mara ya kwanza stima ilipotea, mtaa mzima ukakosa umeme. Mara ya pili mteja alidondosha kiatu kikabanwa na tairi. Mara zote mbili Haron alimwandikia Kasiva barua ya onyo, kwa kuwa huwezi kuiandikia stima. "Ya tatu ni ya kwaheri," alimwambia mbele ya farasi.

Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, baada ya kanisa, wakafika wakwe.

Wazo lilikuwa la Debra na Maina, waliotarajia kuoana Desemba. Jumamosi ya wiki iliyopita familia zao zilikutana kwa mara ya kwanza, kwa kina Debra, mtaa wa Muthangari, na mkutano haukuenda vizuri. Kwa desturi ya Wakikuyu, watu wa mvulana wakija kuposa hukuta lango limefungwa, na wanawake wao huimba hapo nje mpaka wanawake wa ndani waridhike, wafungue. Ni mchezo, na kama michezo mingi ya wakwe, huacha majeruhi. Lango la kina Debra lilikuwa la mtaa wa fleti, lenye mlinzi, daftari la wageni, na ubao unaosema kelele haziruhusiwi. Watu wa Maina, ishirini na saba kutoka Mountain View, waliandika majina yao, namba za vitambulisho na saa ya kuingia, mmoja mmoja, kwa kalamu moja iliyofungwa kwa uzi. Kisha Wahu, shangazi yake Maina, mwanamke ambaye sauti yake ikitoka huvuka bonde na kurudi, akaombwa aimbe polepole.

Akaimba polepole. Walinong'ona nyimbo za lango saa mbili nzima, juani, wamevaa leso juu ya nguo zao nzuri. Hatimaye Wangeci, mama yake Debra, alifungua lango nafasi ya kupitisha pua na kusema, "Mlikuwa mnaimba? Sikusikia kitu."

Wale vijana wawili walidhani jeraha kama hilo linaponywa na ndizi za kukaanga na gurudumu.

Kasiva aliwaona wakija katika vikundi viwili, na hesabu ikaanza kichwani mwake bila kuitwa. Watu wa Mountain View, kumi na wawili, walikuwa wenye nyumba za kupangisha na mashamba Limuru, watu wasioamini chakula kinachobaki kwenye sahani. Watu wa Muthangari, nao kumi na wawili, walikuwa wa ofisini. Walikimbia asubuhi na kunywa maji yaliyotiwa vipande vya limau. Debra na Maina walibaki chini na simu zao ili wapige picha, na ili wasionekane wamechagua upande.

"Mama, wewe kaa na huyu mzee," Kasiva alimwambia Wangeci, akimwonyesha Dedan, kaka yake Wahu.

Wangeci alimtazama Dedan kuanzia kofia. "Na huyu? Hapana. Mimi nakaa na watu wangu."

"Hata sisi hatuna haja," alisema Wahu. "Sisi tutakaa na wenye wanajua kula."

"Mkikaa hivyo haitazunguka," alisema Kasiva.

"Haitazunguka aje? Unasema sisi ni wazito?" aliuliza Wahu.

"Nasema mchanganyike. Mmoja wa huku, mmoja wa kule."

"Nilichanganywa na mlinzi Jumamosi," alisema Wahu. "Imetosha."

Haron alikuja mbio, akitabasamu kama kawaida yake akiona kundi la watu zaidi ya kumi. "Kuna shida gani hapa?"

"Huyu mama anatupima kwa macho," alisema Wangeci, na hapo alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua.

"Kasiva, kastoma akae pahali anataka."

"Bosi, hawa wa huku ni elfu moja mia moja na arobaini. Wale hawafiki mia saba."

"Elfu moja ya nini?"

"Kilo."

Haron alicheka kwa niaba ya wateja. "Kazi yako ni kubonyeza. Bonyeza."

Kasiva akawapandisha. Kwa heshima ya kazi yake, hakuwapandisha kwa mfululizo: alipakia kiti cha Mountain View, akageuza nusu mzunguko, akapakia cha Muthangari, akageuza tena, mpaka viti sita vya upande mmoja vikajaa ukoo mmoja na sita vya upande wa pili vikajaa mwingine. Kisha akabonyeza.

Gurudumu lilizunguka mara moja na nusu. Mountain View walipanda polepole, mota ikilia, wakashuka ghafla, wakapiga kelele za furaha. Waliposhuka mara ya pili hawakupanda tena. Matairi yaliteleza, moshi mwembamba ukatoka, na Kasiva akazima mota na kukaza breki. Chini kabisa, hatua moja kutoka jukwaani, kilikuwa kiti cha Wahu na Dedan. Juu kabisa, mahali ambapo upepo wa Agosti hauna kizuizi, kilikuwa kiti cha Wangeci na dada yake, daktari wa meno mwenye kliniki Hurlingham.

Haron aliangalia saa yake. Gurudumu likisimama, huandikwa katika daftari lake. Likipita nusu saa, lazima apigiwe simu mkaguzi wa kaunti, na mkaguzi alikuwa ameahidi kwamba akiitwa tena mwaka huu atakuja na kufuli. "Dakika thelathini," Haron alimwambia Kasiva kwa sauti ya chini. "Zikiisha, barua yako iko tayari. Nimeiandika Ijumaa."

Kasiva hakuuliza Ijumaa alijuaje. Alimwendea Wahu, akashika kile chuma kinachofunga kiti. "Mama, shuka hapa na mzee. Mkishuka nyinyi wawili tu, itageuka, niteremshe wengine."

Wahu aliinua kichwa. Juu mbinguni alikuwa anaona nyayo za viatu vya Wangeci, vyenye visigino.

"Wale wanaweza kushuka nikiwa bado nimekaa?"

"Hapana."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mama."

Wahu aliegemea kiti, akaweka mkoba mapajani. "Basi waimbe."

"Wahu," alisema Dedan.

"Waimbe! Hapa ni langoni. Mimi ndio niko ndani."

Habari ilipanda juu kiti kwa kiti, ikapokelewa vibaya. "Mwambieni sisi si kwaya!" Wangeci alipiga kelele.

"Nani anaongea?" Wahu aliuliza, mkono sikioni. "Ameandika jina kwa daftari?"

Mountain View walicheka, na kwa kuwa walikuwa elfu moja mia moja na arobaini, gurudumu zima lilitikisika. Muthangari wakashika vyuma. Daktari wa meno alifumba macho.

"Tata, tafadhali," Maina alimsihi shangazi yake, akiwa amesimama jukwaani na ndizi mkononi.

"Wewe nyamaza. Jumamosi sisi tukiungua, wewe ulikuwa ndani ya gari, vioo juu."

"Mum!" Debra aliita, akitazama juu. "Imba tu kitu kidogo!"

"Niimbe nini, Debra? Nimbembeleze nani? Mtu ametuning'iniza kama nguo za kuanikwa!"

Dakika ya kumi na tano watoto waliacha ngome ya upepo wakaja kutazama. Wazazi walitoa simu. Daktari wa meno, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu na alitaka tu kufika Hurlingham, alianza wimbo wa kanisa kwa sauti ndogo, wengine wa Muthangari wakamfuata.

Wahu alisikiliza beti mbili kwa makini ya mtu wa kamati. "Huo ni wa mazishi," alisema. "Leteni wa lango."

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba hakuna mtu wa Muthangari aliyeujua wimbo wa lango. Jumamosi walikuwa wamewakodi wanawake wanne kutoka mji wa Kikuyu waje kujibu, na wanawake hao, baada ya kuambiwa kuhusu ubao wa kelele, walikula wakaenda. Juu ya gurudumu watu kumi na wawili wenye shahada walikumbuka mstari mmoja, wakaurudia mara nne, kila mtu kwa mwendo wake.

"Sisikii kitu," alisema Wahu.

Upande wake ukapiga makofi. Na hapo Wangeci, aliyekuwa na baridi na aliyeona kule chini simu zikimwelekea kama mbu, akasema lile ambalo hatimaye lilikuwa lazima mtu aliseme. "Hata mkikaa hapo mpaka Krismasi, Debra haolewi na ukoo wa watu kama nyinyi! Afadhali akae nyumbani!"

"Akae!" Wahu alijibu. "Nani alimtaka? Kijana wetu amerogwa na chai ya kijani!"

Chini, Debra na Maina, waliokuwa wamesimama bega kwa bega, walisogea kila mmoja hatua moja, bila kutazamana. Ilikuwa dakika ya ishirini na mbili. Haron alikuwa ameshaitoa barua mfukoni na kuikunjua ili isionekane imekaa sana.

Kasiva alitazama kile kiti cha chini. Angeweza kufungua chuma, lakini hakuna mtu duniani anayeweza kumtoa kitini mwanamke wa uzito ule ambaye ameamua kukaa. Alitazama saa ya Haron. Kisha akaingia kwenye kibanda, akachukua maiki ambayo hutumika kutangaza watoto waliopotea. Spika za bustani zinasikika mpaka kituo cha basi.

"Hamjambo. Naitwa Kasiva. Nimekaa kwa mizani miaka kumi na minane, sijawahi kukosea hata robo. Gurudumu limekataa kwa sababu ya uzito, na bosi anataka kujua ni uzito wa nani. Kwa hivyo nitasoma kilo, kiti kwa kiti. Nitaanza na wepesi."



"Kiti cha juu, mama wa miwani. Hamsini na moja."

"Ni kweli!" alisema daktari wa meno, akifumbua macho. "Jana jioni nilikuwa hamsini na moja!"

"Aliye kando yake, mama wa bibi harusi. Sitini na tisa."

"Sitini na mbili!" Wangeci alipaza sauti.

"Sitini na tisa. Viatu nimetoa."

Tangu Januari Wangeci alikuwa amewaambia watu wawili watatu, pamoja na kikundi kizima cha akina mama, kwamba yuko sitini na mbili. Kelele iliyotoka Mountain View ilikuwa ya mpira ukiingia golini. Wahu alicheka mpaka akafuta macho kwa leso, na alikuwa bado anayafuta spika ziliposema, "Sasa kiti cha chini. Mzee wa kofia, mia moja na sita."

"Sawa kabisa!" alisema Dedan, kwa fahari.

"Na mama aliye kando yake..."

Wahu hakuwa amepanda mizani tangu kliniki ya mtoto wake wa mwisho, ambaye sasa anafundisha chuo kikuu. Simu zote ziligeuka kutoka juu zikaja chini. Kasiva hakuharakisha. Alivuta pumzi karibu na maiki, ikasikika kituoni.

"Fungua hii kitu," alisema Wahu.

"Mama aliye kando yake ana..."

"Nimesema fungua!"

Kasiva alifungua. Wahu akashuka, Dedan akamfuata, kiti kikapanda kwa wepesi kama mtu aliyesamehewa deni. Mota iliwaka, matairi yakashika, na Haron akasimamisha saa yake kwenye dakika ya ishirini na saba. Mkaguzi hangeitwa. Kasiva akawateremsha wote kwa zamu, mmoja wa huku, mmoja wa kule, jinsi alivyotaka kuwapandisha.

Wangeci alipokanyaga chini, kisigino kimoja kilinasa kati ya mbao za jukwaa. Mkono wake ulitafuta kitu cha kushika, ukakishika, na kitu hicho kilikuwa Wahu. Wakatazamana.

"Umesikia vile huyo mwanamke ametuaibisha?" alisema Wangeci.

"Ametupima kama mbuzi wa machinjio ya Dagoretti," alisema Wahu.

"Mbele ya watu!"

"Kwa spika!"

"Na amedanganya. Sitini na tisa!"

"Kwako wewe amedanganya," Wahu alikubali, baada ya kufikiri kidogo.

Barua ya malalamiko iliandikwa papo hapo kwenye meza ya ndizi. Wangeci alitamka, daktari wa meno akaandika, Wahu akasimama nyuma ya kiti akirekebisha. "Hapo ongeza 'kwa dharau'. 'Kwa makusudi na kwa dharau.'" Walitumia kalamu moja, wakaipitisha, Muthangari, Mountain View, Muthangari, na hakuna aliyeona kwamba walikuwa wamechanganyika. Walitia sahihi watu ishirini na watatu. Aliyekataa ni Dedan peke yake, ambaye alitaka kwanza kujua kama ile mia moja na sita ilikuwa pamoja na koti. Debra na Maina waliombwa nao watie, wakatia, wameshikana mikono. Harusi ilifanyika Desemba kama ilivyopangwa, na watu wanaozijua familia zile mbili wanasema zikiketi pamoja zikakosa la kuzungumza, humzungumza Kasiva.

Haron alipokea malalamiko kwa mikono miwili. Kisha akampelekea Kasiva barua ya Ijumaa kwenye kibanda. Tarehe ilikuwa imefutwa na kuandikwa upya.

"Ilikuwa dakika ishirini na saba," alisema Kasiva.

"Sio mambo ya dakika. Umetukana kastoma."

"Ningewaacha juu?"

"Ungewaomba."

"Niliomba. Uliniambia nibonyeze."

Haron alimsogezea daftari la gurudumu, lile ambamo kila kusimama huandikwa. "Andika vile ilitendeka, uende. Andika ni wewe uliwapanga."

Kasiva alikaa. Aliandika kwa dakika kumi, bila haraka, kwa mwandiko wa watu waliozoea karatasi yenye mafuta. Alipomaliza alivua koti la kazi, akalitundika mabegani mwa farasi asiye na kichwa, akachukua kikapu chake.

Haron alivuta daftari. Kulikuwa na mistari ishirini na minne, kiti kwa kiti, kila mstari na kilo zake, pamoja na ule wa Wahu, ambao aliusoma mara mbili. Chini kulikuwa na jumla mbili, moja ya kila upande, zimepigiwa mstari kwa rula. Chini ya jumla: "Nilikataa. Aliyewapanga ni mwenye bustani, Haron, kilo tisini na nne, aliyeniambia nibonyeze." Na sahihi.

Alishika ukurasa kwa vidole viwili. Kurasa za daftari lile zina namba, na mkaguzi huzihesabu moja moja kila Oktoba.

"Tisini na nne umetoa wapi?" aliita. "Kasiva! Mimi ni themanini na kitu!"

Kasiva alikuwa ameshatoka langoni, anangoja magari yapite avuke barabara. Nje ya kibanda foleni ilikuwa imeanza kujipanga tena mbele ya gurudumu, wanene kwa wembamba, na watu walikuwa wakimwuliza Haron wakae wapi. Haron alivuta tumbo ndani, akanyoosha kidole, na hakujua aanze na nani.